Vifaa vya nyumbani kwa mwenza anayetumia dawa za sonona: vya kununua na vya kuacha dukani

Mwenza anapoanzishiwa dawa za sonona, maudhi hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Kichefuchefu, jasho na kizunguzungu huweza kuanza siku ile ile au kesho yake. Moyo kutulia huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, na mara nyingi daktari husubiri wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kama dawa imefaa. Katika pengo hilo ndipo wengi huacha dawa, na ndipo mume au mke wa nyumbani hukimbilia dukani kutafuta chochote cha kumpunguzia mwenzake adha. Vitu vya kununua havikosekani. Vichache vinasaidia kweli, vingi havina faida, na vipo vinavyoongeza tatizo lile lile vinalodai kuliondoa.

Tumevipima hivi: je, kitu hiki kinapunguza maudhi kwa sababu inayoeleweka, au kinampa daktari taarifa anayoweza kuifanyia kazi? Kisichofanya hata moja kibaki dukani.

Daftari

Ununuzi bora kuliko wote ni daftari la kawaida la mistari. Lianze wiki moja kabla ya kidonge cha kwanza kama daktari ameruhusu kusubiri. Kama hakuna muda huo, siku ya kwanza ya dawa kaeni wawili mwandike wiki iliyopita ilikuwaje. Sonona yenyewe huvuruga usingizi, huharibu hamu ya kula, huzima hamu ya tendo la ndoa na huleta uchovu na maumivu ya mwili. Asiyejua hali ilivyokuwa kabla ya dawa huishia kuilaumu dawa kwa kosa la ugonjwa, au kuusingizia ugonjwa maudhi ambayo kubadilisha dozi kungeyaondoa. La kwanza humfanya mtu aache dawa inayomfaa. La pili humfanya avumilie isiyomfaa.

Chora safu za dawa na miligramu zake, saa ya kunywa, kama amekula au hajala, maudhi na ukali wake kwa alama 0 hadi 3, choo, na saa za usingizi. Mstari mmoja kwa siku unatosha: "Sertraline 50 mg, saa 2 asubuhi, hajala, kichefuchefu 3, saa 3 hadi saa 6, choo mara nne, laini, usingizi wa saa tano." Mistari kumi ya namna hiyo inaeleza zaidi ya nusu saa ya maelezo ya mdomo, na daktari ataona papo hapo kwamba kidonge kinanywewa tumbo likiwa tupu. Sehemu kubwa ya serotonini, kemikali ya mwili ambayo dawa nyingi za sonona huigusa, hutengenezwa kwenye utumbo, kwa hiyo dawa inayoigusa serotonini huligusa tumbo pia. Kunywa kidonge baada ya kula hupunguza kichefuchefu kwa wengi, na kwa kawaida hupungua chenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Muulize mwenzako mara moja tu kwa siku, saa ile ile. Maswali ya kila saa yanamchosha, na yanamfanya ajifiche.

Programu za simu za kurekodi hisia si mbaya, ila nyingi huuliza habari za moyo na kuusahau mwili. Daftari linazishinda.

Kisanduku cha vidonge cha wiki

Hiki ni cha kununua bila kusita, hasa kama dawa ni venlafaxine au paroxetine. Dawa hizi hutoka mwilini haraka, na venlafaxine ndiyo ya haraka zaidi: nusu yake huondoka kwa takriban saa tano, na zao lake lenye nguvu ya dawa kwa takriban saa kumi na moja. Aliyesahau kidonge cha asubuhi anaweza kufika jioni akiwa na kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za ghafla na hisia kama mshtuko mfupi wa umeme kichwani. Watu wa nyumbani hudhani ugonjwa umerudi. Fluoxetine ni tofauti kabisa. Yenyewe na zao lake hukaa mwilini siku nyingi, hata wiki kadhaa, hivyo dozi moja iliyosahaulika haisikiki.

Tafuta chenye vyumba saba, vifuniko vya rangi tofauti au herufi kubwa za siku, na kifuniko kinachofunguka kwa kidole gumba kimoja. Kijaribu kwa mikono yako kabla ya kulipa. Vipo vyenye ulimi mgumu kiasi kwamba mwenye mikono inayotetemeka, na kutetemeka ni moja ya maudhi ya dawa hizi, hukivuta kwa nguvu na vidonge vya siku tatu vinamwagika chini. Kijazwe siku moja maalumu ya wiki, na kisikae bafuni kwa sababu ya unyevu. Kabla ya kuhamisha vidonge, soma karatasi ya ndani ya boksi, maana vipo vinavyotakiwa kubaki kwenye kifungashio chake. Vidonge vya kutoa dawa polepole havivunjwi wala kusagwa, na kapsuli za duloxetine hazifunguliwi.

Akisahau dozi na muda wa inayofuata umekaribia, airuke. Asinywe mbili kwa pamoja.

Kisanduku hiki kina udhaifu mmoja mkubwa: hakimzuii mtoto. Na dawa za kundi la zamani kama amitriptyline, imipramine na clomipramine zikizidi ni hatari sana kwa moyo, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Kwa hiyo nunua pia sanduku dogo la kufuli au la namba. Dawa za wiki moja zikae kwenye kisanduku, nacho kiwekwe asikofika mtoto, na zilizobaki zifungiwe. Sanduku hilo lina kazi ya pili, nayo isemwe wazi: kumkinga mgonjwa mwenyewe. Katika wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, wapo ambao hupatwa na mahangaiko ya mwili yasiyowaruhusu kutulia, au mawazo ya kujidhuru huongezeka. Onyo hili limewekwa rasmi kwenye maelezo ya dawa hizi Marekani tangu 2004, na mwaka 2007 likapanuliwa kugusa vijana hadi miaka 24. Ukiona mwenzako hawezi kukaa wala kulala, au anazungumzia kifo, usimwache peke yake, na mpigie daktari siku hiyo hiyo. Mwombe pia daktari atoe dawa za wiki moja au mbili kwa mara moja badala ya miezi mitatu.

Mashine ya presha

Hapa ndipo watu hununua vibaya. Mashine ya kifundo cha mkono ni ndogo na inapendeza, lakini mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo inasoma juu kuliko ukweli, na mgonjwa mwenye uchovu hataukumbuka usawa huo kila mara. Chukua ya mkono wa juu iliyopimwa usahihi wake na kuthibitishwa. Kabla ya kwenda dukani, pima kwa futikamba mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida hufaa takriban sentimita 22 hadi 32. Zaidi ya hapo chukua mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu ambayo haipo.

Kwa nini presha? Kwa sababu dawa hizi huivuta pande mbili. Amitriptyline na jamaa zake, pamoja na trazodone, huishusha mtu anaposimama. Venlafaxine huweza kuipandisha, hasa dozi ikiwa kubwa. Kipimo cha kukaa peke yake hakitaonyesha ile ya kushuka, kwa hiyo fanyeni hivi: alale chali dakika tano, pima. Asimame, wewe ukiwa karibu yake, pima tena ikifika dakika moja, na tena dakika ya tatu. Tuseme amelala ni 128/80, na dakika moja baada ya kusimama ni 104/72. Namba ya juu imeshuka kwa 24. Kushuka kwa 20 au zaidi namba ya juu, au 10 au zaidi namba ya chini, ni taarifa ya kumpelekea daktari, hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya.

Kwa presha ya kawaida, akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunja nne, mkono umelala mezani. Pima mara mbili kwa tofauti ya dakika moja, andika zote. Jambo linaloharibu rekodi za nyumba nyingi ni mashine yenye sehemu ya mtumiaji 1 na mtumiaji 2: mume anajipima kwenye sehemu ya mke, na wastani anaoonyeshwa daktari unakuwa wa watu wawili. Kagueni kila mnapoiwasha. Betri zikichoka, badilisheni kabla ya kuamini namba za ajabu.

Pamoja na mashine, nunua taa ndogo ya usiku ya njia ya chooni. Amitriptyline hunywewa usiku, huleta usingizi mzito na hushusha presha, na anayeamka gizani kwenda haja ndogo ndiye anayeanguka. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akunje na kunyoosha vifundo vya miguu, ndipo anyanyuke.

Kinywa kikavu na choo kigumu

Kinywa kukauka huja sana na amitriptyline na paroxetine. Si kero tu. Mate yakipungua meno huoza haraka. Chingamu isiyo na sukari inafanya kazi kweli, maana kutafuna huamsha mate. Iliyo bora ina xylitol. Ila zingatia mambo mawili: xylitol ni sumu kwa mbwa, na utamu wa aina hiyo, pamoja na sorbitol, ukizidi hujaza gesi na kuharisha. Mwenza anayetumia sertraline, ambayo kuhara ni moja ya maudhi yake ya kawaida, akitafuna pakiti nzima kwa siku ataonekana dawa imemkataa kumbe ni chingamu.

Dawa ya kusukutua yenye pombe iache, inakausha zaidi. Pipi za limau huleta mate lakini asidi yake hula meno. Bora fedha hiyo iende kwenye dawa ya meno yenye floraidi ya karibu 1450 ppm, apige mswaki mara mbili, ateme bila kusuuza kwa maji mengi. Jeli za mate bandia zinafaa wakati wa kulala tu, muda ambao hatafuni.

Choo kigumu nacho huja zaidi na dawa za kundi la zamani kama amitriptyline. Unga wa maganda ya ispaghula, mbegu zenye nyuzinyuzi nyingi, ni mzuri, na hutumiwa vibaya kuliko bidhaa yoyote hapa. Aanze na kijiko cha chai kimoja kwa siku, akoroge kwenye glasi iliyojaa ya takriban mililita 240, anywe mara moja kabla haujawa mzito, kisha aongeze maji. Ukinywewa na maji kidogo huvimba njiani na kuziba. Usinywewe karibu na kulala, na utenganishwe na kunywa dawa nyingine kwa saa mbili hivi. Kama utumbo umelegezwa sana na dawa, nyuzinyuzi huongeza kujaa tumbo tu. Hapo muulize mfamasia kuhusu dawa za kulainisha choo kama macrogol au lactulose, ambazo huhitaji hadi siku mbili kufanya kazi, hivyo asirudie dozi jioni ile ile kwa kuona hazijajibu. Akishindwa pia kutoa mkojo, hilo si la duka. Ni la daktari leo hii.

Jasho

Jasho la dawa hizi hupenda kichwa, uso, shingo na kifua, na huloweka shuka usiku. Ndiyo maana deodoranti za kwapani hazikati mzizi wa tatizo. Zenye aluminiamu kloridi hupunguza la kwapani zikipakwa usiku kwenye ngozi kavu kabisa na kuoshwa asubuhi. Ngozi ikiwa na unyevu hutengeneza asidi na kuwasha vibaya. Kava la godoro la plastiki ni hasara, linazuia joto kutoka na linamzidishia. Shuka za pamba tupu, taulo kubwa juu ya shuka upande wake, na nguo ya kubadilisha iliyowekwa karibu na mto vinatosha, ili abadilishe bila kuwasha taa kubwa na kuwaamsha nyote. Muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamia asubuhi.

Jasho likija na homa, kutetemeka, misuli kukakamaa au kurukaruka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, hasa ndani ya saa 24 za dozi mpya au dawa nyingine kuongezwa, ni dalili za serotonini kuzidi. Aende hospitali mara moja, na maboksi ya dawa zote yaende naye.

Chumba cha kulala

Sehemu hii ndiyo yenye bidhaa nyingi na ukweli kidogo. Dawa za kundi la fluoxetine, sertraline, paroxetine, citalopram na escitalopram, pamoja na venlafaxine, hupunguza hamu, huchelewesha au huzuia kufika kileleni, na huweza kugusa nguvu za kiume na ute wa mwanamke. Tofauti na kichefuchefu, hili kwa wengi haliishi lenyewe baada ya wiki mbili. Mwenza asiyejua hilo husoma mwili wa mwenzake kama kukataliwa. Ajue tangu siku ya kwanza kwamba mwili unaweza kunyamaza huku mapenzi yapo pale pale. Taarifa hiyo peke yake huokoa ugomvi mwingi.

Vilainishi vinasaidia ukavu, navyo ni vya kununua, lakini havirudishi hamu wala kilele. Cha maji ni salama kwa kondomu za mpira na hutoka kwa kuoshwa, ila hukauka na kuhitaji kuongezwa. Cha silikoni hudumu. Cha mafuta, pamoja na losheni na mafuta ya mgando, huharibu kondomu za mpira ndani ya dakika chache. Kwa mwanamke tafuta chenye pH (kipimo cha asidi) ya karibu 4.5, na kama osmolaliti (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake) imeandikwa isizidi 1200 mOsm/kg. Shirika la Afya Duniani linapendelea chini ya 380, kwa sababu kilainishi chenye osmolaliti kubwa mno hunyonya maji ya ngozi laini na kuijeruhi. Vya "kupasha joto" na vya ladha viache, mara nyingi huwasha.

Sasa kosa la dukani. Baadhi ya kondomu na dawa za kupuliza zinazouzwa kama za kuongeza raha zina benzokaini au lidokaini, yaani ganzi, kwa ajili ya wanaomaliza haraka. Mtu ambaye dawa yake tayari inamchelewesha akitumia hizo hatafika kabisa. Soma viambato kila mara. Vidonge vya mitishamba vya nguvu ndivyo vibaya zaidi: mamlaka ya dawa ya Marekani imeshakamata mara nyingi bidhaa za aina hiyo zenye sildenafil iliyofichwa, na sildenafil ikikutana na dawa za moyo za naitreti huangusha presha hadi kuua.

Kinachofanya kazi hapa kinatoka kwa daktari: kupunguza dozi, kubadili kwenda dawa isiyogusa sana eneo hilo kama bupropion au mirtazapine, au kuandikiwa sildenafil halali baada ya kukaguliwa moyo. Kuruka vidonge vya mwisho wa wiki bila kushauriwa hakufai; kwa fluoxetine hakubadilishi kitu kwa jinsi inavyokaa mwilini, na kwa paroxetine huleta maumivu ya kuacha. Kama mgonjwa anaona haya kulitaja, liandikwe kwenye daftari na daftari apewe daktari mkononi.

Kabati la dawa na mengineyo

Mizani ya kawaida inatosha, mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya haja. Mirtazapine, paroxetine na amitriptyline ndizo zinazonenepesha zaidi. Ongezeko la asilimia 7 ni la kujadiliwa. Kwa mtu wa kilo 70 ni karibu kilo 5.

Lipitie kabati la nyumba nzima. Ibuprofen, diclofenac na aspirini ya maumivu zikichanganywa na dawa za kundi la fluoxetine huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu, na choo cheusi kama lami ni dharura. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ni salama zaidi, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Aspirini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache bila daktari. Tramadol, sharubati za kikohozi zenye dextromethorphan na vidonge vya mmea wa St John's wort huongeza serotonini. Visitumike bila kumuuliza mfamasia. Dawa za usingizi za dukani zenye diphenhydramine, juu ya amitriptyline, huzidisha ukavu, choo kigumu na kuchanganyikiwa, hasa kwa wazee. Mzee anayetumia pia dawa ya presha ya kukojoza, akianza kuumwa kichwa, kukakamaa misuli na kusema mambo yasiyoeleweka katika wiki za mwanzo, apimwe chumvi ya sodiamu kwenye damu.

Wanaokaza taya usiku na kuamka na maumivu ya kichwa wanaweza kutumia kinga ya meno ya kuchovya kwenye maji moto na kuing'ata ichukue umbo. Inalinda meno, haizuii kukaza, na ni ya wiki chache tu wakati mnasubiri miadi ya daktari wa meno.